Nepi za Meza Kuu

Habari ya nepi kila aliyesoma shule yetu anaijua, na wengi waliisikia kutoka kwangu. Nimeisimulia kwenye harusi, kwenye basi la kwenda Sumbawanga, kwenye foleni ya hospitali, na mara moja msibani, watu wakacheka mpaka wafiwa wakatoka ndani kuuliza kuna nini. Inamhusu mwanamke aliyekuwa matroni wa bweni letu la wasichana hapa Mpanda, na inaonyesha jinsi alivyopenda mambo makubwa asiyoyajua. Angalau hivyo ndivyo nilivyokuwa naisimulia.

Jina lake nalijua. Sitaliandika, kwa sababu mwenyewe alitufundisha kwamba mtu ambaye hayupo hatajwi jina, anatajwa cheo. Kwao ni wapi na wazazi wake ni nani pia sitasema, na hapo nina sababu nzuri zaidi: sijui. Msichana mmoja wa kidato cha kwanza, kutoka upande wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, aliulizwa na wenzake siku ya kwanza bwenini, "Eti, kwenu wapi hasa?" Lile "hasa" lilikuwa na mkia mrefu. Matroni alikuwa anapita na ndoo ya sabuni. Akasimama. "Kumuuliza mtu kwao kabla hujampa kiti," akasema, "ni kumpekua mifuko. Mpeni kiti." Yule msichana akapewa kiti, akakaa, akalia, na swali lile halikurudi tena. Baada ya hapo hakuna aliyekuwa na ubavu wa kumuuliza Matroni mwenyewe.

Mali yake kubwa ilikuwa sanduku la bati lenye vitabu vitatu na harufu ya naftalini. Kitabu cha kwanza kilikuwa kinene, cha Kiingereza, hakina jalada wala kurasa kumi na nane za mwanzo, kwa hiyo hakikuwa na jina wala mwandishi. Kilianza katikati ya sentensi iliyohusu glovu. Kilieleza namna mwanamke wa tabaka la juu anavyoketi, anavyovaa, anavyokula, anavyopanda farasi, na anavyoandika barua ya kukataa mwaliko bila kusema uongo. Alikitoa Karema, alikowahi kufanya kazi misheni. Kazi gani hakusema. Cha pili kilikuwa chembamba, cha Kiswahili, kuhusu rangi na mavazi, na alikipata mnadani ndani ya mfuko wa koti la mtumba. Cha tatu kilikuwa kaunta buku alilokuwa akiliandika mwenyewe, na humo alivigeuza vile viwili ili vifae Mpanda.

Kazi ya kuvigeuza haikuwa nyepesi. Kitabu kinene kilitaka msichana atembee na kitabu kichwani ili shingo inyooke. Siku ya zoezi hilo tulikuwa wasichana arobaini uani, na kila mmoja wetu alikuwa amebeba ndoo ya maji tangu ana miaka sita. Wa kwanza alienda hadi jikoni na kurudi, na njiani alimfunga mwenzake kilemba. Matroni alimtazama, akafungua kaunta buku, akaandika: "Hapa tumefaulu." Somo likaishia hapo.

Sura ya farasi aliipeleka kwenye bodaboda. Kitabu kilisema mwanamke anakaa upande, magoti pamoja, mgongo wima, macho mbele. Akaazima pikipiki ya mlinzi, ikasimamishwa kwa stendi, tukapanda mmoja mmoja. Mlinzi alishika usukani akitazama mbele kama alivyoamriwa, na kila aliyeshuka alimwambia, "Asante, dereva, safari ilikuwa nzuri." Mlinzi alijibu kila mmoja kwa unyenyekevu. Kufika wa thelathini alikuwa amechoka kama mtu aliyetoka Tabora.

Halafu kulikuwa na sura ya mazungumzo. Mezani, kitabu kilisema, hazizungumzwi fedha, wala magonjwa, wala siasa, wala dini. Rafiki yangu mmoja, Msukuma kutoka nje kidogo ya Kibaoni, ambaye baba yake alikuwa na ng'ombe wengi kuliko maneno, akanyoosha mkono.

"Sasa Matroni, tutaongea nini?"

"Mvua."

"Mvua si ndiyo fedha yenyewe? Isiponyesha si hatuna mahindi?"

Matroni alilifikiria jambo hilo siku mbili. Siku ya tatu, kwenye gwaride la asubuhi, alitangaza kwamba mvua inaruhusiwa, mradi mtu asitaje magunia.

Huyo huyo rafiki yangu ndiye aliyeleta shauri la goti. Kwao msichana akimsalimia mkubwa anapiga goti, na hakuna mjadala. Kitabu kilisema mwanamke wa heshima anasimama wima na kumtazama mtu machoni. Tukakaa tusubiri tuone nani atashinda, kitabu au baba mwenye ng'ombe. Matroni akasema, "Piga goti. Ila mgongo uwe wima." Mpaka leo nikimwona mama wa watu hapa mjini amepiga goti mbele ya mkwewe huku mgongo umenyooka kama ubao, najua alisoma wapi.

Yeye mwenyewe alikuwa na magauni manne, na miaka yote ile hakuna aliyegundua kuwa ni manne. Yote yalikuwa ya mtumba kutoka soko la Kashaulili. Nilimsindikiza kuchagua mara kadhaa, na ilikuwa kazi ya kutwa nzima. Alikuwa anaigeuza nguo ndani nje, anakagua mishono, halafu kola, halafu vifungo, na maua yaliyokuwa upande wa nje hakuyaangalia kabisa. "Nje wataangalia watu," alisema. "Ndani naangalia mimi." Kitabu chembamba kiliruhusu rangi tatu tu mwilini, na viatu vinahesabiwa. Masika alivaa mabuti ya mpira ya kijani kama sisi sote, na ili asivunje sheria alivua kilemba. Alinyeshewa kichwa kwa ajili ya kanuni hiyo, nikiwa shahidi.

Lakini mtu asidhani alikuwa malaika. Mwanamke huyu aliyetufundisha kumega mkate kwa vidole viwili, nilimkuta jikoni kwake amekaa kwenye kigoda, miguu kainyoosha, anafyonza kichwa cha samaki, mgebuka wa ziwani, hadi jicho. Nilidhani atashtuka. Hata hakupepesa. "Hii si meza," akasema. "Hiki ni kigoda. Kigoda kina sheria zake. Vuta kingine ukae." Alitukataza kupaza sauti, na sauti yake ilisikika mpaka stendi alipokuwa akigombana na muuza nyanya. Alisema mtu muungwana hashindani, na kwenye karata aliiba mchana kweupe. Ukimwambia umemwona, alikujibu kwamba mgeni hachunguzi mikono ya mwenyeji. Sheria hiyo niliitafuta kwenye vitabu vyote vitatu. Haimo.

Kitu kimoja hakuwahi kukifanya, hata akiwa na hasira, nacho ni kumkosoa mtu mezani. Bwaloni alipita nyuma yetu mikono mgongoni. Ukiwa umekosea, labda unaongea na ugali mdomoni, labda una mchuzi kidevuni, alikuja akasimama mbele yako, akakutazama, akagusa sikio lake la kushoto kwa kidole kidogo. Basi. Jirani yako alidhani anajikuna. Wewe ulijua ni wewe, ukameza, ukajifuta, ukanyamaza. Nilikula mbele ya sikio hilo miaka minne, na mkono wangu ukajifunza kwenda mdomoni wenyewe kabla sijafikiri.

"Kosa la mtu," alisema, "halisemwi chakula kikiwa mezani. Ukilisema, wameaibika watu wawili badala ya mmoja, na chakula kimepoa."

Nimeikumbuka sheria hiyo nilipoanza kuandika haya. Nikaangalia mbele yangu. Hakuna sahani.

Maishani alitaka kitu kimoja, na hakukizungukia. Alitaka kuketi meza kuu. Kila mwaka siku ya mahafali alikuwa yeye anayeipanga: satini nyeupe, maua ya plastiki yaliyooshwa kwa sabuni ya unga, chupa za maji zote lebo zikitazama watu. Kila mwaka, meza ikishapangwa, alisimama nyuma yake na birika la kunawia. Mgeni rasmi alitambulishwa, mkuu wa shule alitambulishwa, walimu, wajumbe wa bodi, wazazi waliotoa mbuzi. Mpishi aliwahi kutambulishwa. Matroni alikuwa nyuma na birika.

"Nyie mtakuwa walimu na manesi," alituambia siku moja tukikunja mashuka. "Mtakaa huko sana mpaka mtachoka. Mimi nataka siku moja tu. Niitwe, nisimame kidogo, makofi matatu, nikae. Nile kama watu wanavyokula." Tulicheka kwa sababu alikuwa ameyahesabu hadi makofi. Yeye hakucheka. Alikunja shuka lake, akachukua lingine.

Nilipokuwa kidato cha tatu mkuu wa shule alikubali. Alimpa kiti cha mwisho kabisa, upande wa spika, kile ambacho ukikaa husikii kitu siku mbili. Matroni alishukuru kama mtu aliyepewa nyumba. Gauni alilichagua wiki mbili kabla, na nusu ya bweni tulilipiga pasi kwa zamu.

Na hapo ndipo inapoingia habari ya nepi, ambayo nitaisimulia kwanza kama nilivyozoea.

Siku moja kabla ya mahafali alinituma dukani Kashaulili na karatasi. Nilikuwa kiranja wa bwalo, na tena wa kwanza darasani kwa Kiingereza, jambo ambalo sikulificha. Nilirudi jioni na pakiti, nikamkuta uani na wasichana kama kumi wakisugua sufuria. Nikampa pakiti na karatasi yake. Akafungua. Ndani zilikuwa nepi kumi na mbili za kitambaa, nyeupe, na kila moja kwenye pembe imechapwa picha ya mtoto anayecheka. Matroni alizitazama. Akaisoma karatasi. Akanitazama mimi, akawatazama wale kumi.

"Nyeupe kweli," akasema. "Asante, mwanangu. Umetembea na jua. Nenda kanywe chai."

Kesho yake nepi zilikuwa mezani, zimefuliwa, zimepigwa pasi, na kila moja imekunjwa kama ua juu ya sahani. Matroni alikuwa kwenye kiti chake upande wa spika, mikono mapajani, magoti pamoja. Utambulisho ulikuwa haujaanza; mkuu wa shule alitaka watu wale kwanza. Mgeni rasmi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye haraka ya kula. Akashika ua lake, akalivuta. Likafunguka. Likaendelea kufunguka. Akainua pembe, akatazamana na yule mtoto anayecheka.

"Mkuu," akasema, na kipaza sauti kilikuwa wazi, "hii si nepi?"

Hapa huwa nanyamaza kidogo ili watu wacheke. Siku ile vicheko vilianzia kwa wazazi, vikaja kwa wanafunzi, vikafika kwa walimu ambao mwanzoni walijizuia. Matroni akasimama. Mgongo ulikuwa wima.

"Ni nepi, mheshimiwa. Kosa ni langu. Ila ni mpya, ni safi, na mchuzi zinaunyonya kuliko kitambaa."

Mgeni rasmi alicheka mpaka akafuta machozi kwa hiyo hiyo nepi, kisha akaitandika mapajani, na mchuzi ulipomwagika, kweli ukanyonywa. Ila mkuu wa shule hakucheka. Aliinuka, akamwinamia Matroni, akamwambia neno sikioni. Matroni akaenda jikoni. Kiti chake kikakaliwa na mkoba wa mke wa mgeni mmoja, na mkoba huo ulikaa pale mpaka mwisho wa sherehe. Utambulisho ulipofika, mpishi alitambulishwa.

Maelezo niliyokuwa nayatoa mwishoni ni haya: Matroni alisoma neno "napkin" kwenye kitabu chake cha wazungu, neno lenyewe alilijua kwa upande wa watoto wachanga tu, basi akanituma nepi. Mtu anayetaka kula kama malkia na hajui kitambaa cha mezani. Watu walilipenda sana hilo.

Kuanzia siku ile mjini wakamwita Mama Nepi. Wauza nyanya walimwita hivyo ili kumkomesha kwenye bei. Aliitika, "Abee," na bei akaishusha vilevile. Alipostaafu, familia zilianza kumwita kupanga meza za harusi na za sendofu, maana hakuna aliyejua kuipanga kama yeye, na kila mahali aliweka nepi. Wageni kutoka Dar walizipiga picha. Bwana harusi mmoja alimletea vitambaa vya mezani halisi kutoka Dar, vyenye lesi. Matroni alishukuru, akaviweka sandukuni, akatandaza nepi. Nikasema basi huu ni ukaidi wa mtu asiyetaka kusahihishwa, nikaliongeza hilo kwenye hadithi yangu.

Taratibu jambo hilo likageuka desturi. Karamu ikiisha, nepi za meza kuu zinafuliwa, zinapigwa pasi na kufungwa utepe kama zawadi, anapewa bibi harusi kwa ajili ya mtoto wa kwanza. Siku hizi hapa kwetu bibi harusi asipopewa, mama yake ananuna. Watoto wengi wa mji huu walianza maisha kwenye nepi zilizokwisha kufuta midomo ya waheshimiwa. Mwanangu wa kwanza pia.

Sasa nafundisha Kiingereza kwenye shule ile ile. Mwaka jana nilikuwa katibu wa kamati ya mahafali, na tuliosoma zamani tulikuwa wengi kwenye kamati, tukasema kwa sauti moja kwamba Matroni aketi meza kuu. Mkuu wa shule wa sasa ni mwanamke, naye alipiga goti kwa mgongo wima utotoni mwake. Hakuuliza swali hata moja. Nikabebeshwa kadi.

Nilimkuta nyumbani kwake, kwenye kigoda, anachambua maharage kwa vidole kwa sababu macho yamepungua.

"Shikamoo, Matroni."

"Marahaba, mwanangu. Kaa kwanza, ndipo useme."

Nikakaa. Nikasema. Akaipapasa kadi, akaipeleka karibu na jicho, akasoma jina lake juu yake mara mbili.

"Kiti kiko wapi? Upande wa spika?"

"Katikati, Matroni. Kulia kwa mgeni rasmi."

"Na nitaitwa?"

"Utaitwa. Nitakuita mimi. Mimi ndiye msema chochote, MC wa siku hiyo."

"Makofi?"

"Yapo."

Akaendelea na maharage. Alikuwa anatabasamu na hakutaka nione, kwa hiyo nikatazama ukuta. Kisha nikamwomba anionyeshe ukurasa wa kupanga meza kwenye kile kitabu kinene, ili safari hii tusikosee mbele yake. Nilisema hivyo hivyo: tusikosee. Akanielekeza kwenye sanduku la bati. Kitabu kilifunguka chenyewe penye ukurasa wa meza, kwa sababu palikuwa na karatasi ndogo imewekwa kama alama. Imekunjwa mara nne, imekuwa ya rangi ya chai. Niliijua mikunjo kabla sijaijua karatasi.

Mwandiko ulikuwa wake, herufi zimesimama wima kama yeye. Iliandikwa: "Vitambaa vya kufutia mikono mezani, 12, vyeupe. Muulize mwenye duka kama ana napkin za hoteli. Kama hana, chukua pamba nyeupe mita tatu, nitashona."

Nilisimama pale na kitabu mkononi, na siku ile ikanirudia yote, pamoja na vipande ambavyo hadithi yangu haikuwa navyo. Sikuisoma karatasi. Niliitupia jicho njiani mara moja, nikaona neno la Kiingereza, nikaona hilo linanitosha mtu kama mimi. Dukani niliegemea kaunta nikasema, "Naomba napkin, dazeni moja," kwa lafudhi. Mwenye duka akauliza, "Za mtoto wa ukubwa gani?" Na mimi, ili nisionekane sijui, nikajibu, "Ni za shule."

"Matroni," nikasema, "ulijua."

"Nini?"

"Kwamba si nepi."

"Mwanangu, Karema nilipiga pasi vitambaa vya meza ya mapadri miaka saba. Kitambaa cha mezani nakijua kwa harufu."

"Ungenirudisha dukani."

"Duka lilishafungwa. Na ulikuwa umesimama mbele ya wenzako kumi, umeshika ile pakiti kama kombe."

"Basi kesho yake ungesema si wewe. Mgeni rasmi alipouliza."

"Niseme vipi? Chakula kilikuwa mezani."

"Na baadaye?"

"Baadaye ulikuwa na mtihani wa Kiingereza."

"Na baadaye tena?"

Alitafuta kokoto kwenye maharage, akaipata, akaitupa nje ya mlango.

"Baadaye ulikuwa unaisimulia vizuri," akasema.

Nikamuuliza kwa nini basi ameendelea na nepi miaka yote, hata alipoletewa vitambaa vyenye lesi. Akasema angebadilisha watu wangesema, kumbe anavijua. Wakishasema hivyo wangeuliza, sasa ile mara ya kwanza alikosea nani? Na mji huu, ukishaanza kuuliza, haumalizi.

Sikuwahi kuona haya hivyo maishani mwangu. Nililia kama yule msichana wa kidato cha kwanza aliyepewa kiti. Matroni aliniacha nilie, kisha akanyoosha mkono kwenye kamba, akanipa kitambaa nijifute. Ilikuwa nepi.

"Rudisha hiyo karatasi mahali pake," akasema. "Nitapoteza ukurasa."

Siku ya mahafali aliletwa na pikipiki, amekaa upande, magoti pamoja, macho mbele. Alimwambia dereva kwamba safari ilikuwa nzuri. Gauni lilikuwa moja ya yale manne. Mimi nilikuwa na kipaza sauti, na mfukoni nilikuwa na karatasi yangu mwenyewe, niliyoiandika wiki nzima. Ilieleza kila kitu: duka, lafudhi, swali la mwenye duka, jibu langu. Niliamua nitaisoma mbele ya wote, wanafunzi wangu wa Kiingereza wakiwemo, na halafu jina la Mama Nepi wanipe mimi.

Nilimwita kwa jina lake kamili. Akasimama kidogo, kama alivyosema atasimama. Nilijaribu kuyahesabu makofi nikashindwa, kwa sababu wale wa miaka yetu walisimama na watoto wao, na wengine walipiga vigelegele ambavyo yeye mwenyewe alitukataza. Akakaa. Chakula kikaletwa. Mbele ya kila sahani palikuwa na ua jeupe.

Mgeni rasmi, kijana, mgeni mkoani, alivuta lake. Likafunguka, likaendelea kufunguka. Akamgeukia Matroni akicheka, bila ubaya wowote.

"Kumbe ndizo hizi! Nimehadithiwa. Ilikuwaje, mama?"

Ukumbi mzima uligeuka, kila mtu anangoja hadithi yake. Nikatoa karatasi mfukoni. Nikasogeza kipaza sauti. "Mheshimiwa mgeni rasmi," nikasema, "kuhusu nepi hizi, mimi ndiye..."

Matroni hakunigeukia mwili. Alitazama upande wangu kwa macho yale yasiyoona mbali, nepi yake imetandikwa mapajani, uma mkononi. Akainua kidole kidogo, akagusa sikio la kushoto.

Mkono wangu ulikwenda mdomoni wenyewe. Nikameza. Nikairudisha karatasi mfukoni.

"Mimi ndiye wa kuwakaribisha," nikasema. "Itifaki imezingatiwa. Karibuni chakula."